Kopo la Kwanza ni la Koko

Rugenge, Jumapili. Mvua ilianza na kengele ya misa ya kwanza, ikakatika ghafla kabla ya mchana, na sasa jua linawaka kama halijui lolote. Kutoka hapa barazani naona kipande cha ziwa kati ya mabati ya majirani. Karibu na ufuko maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, mito imeshusha udongo wote wa milimani. Mbali kule bado ni bluu.

Leo maji yamerudi kwenye robine, bomba letu la uani.

Naandika polepole kwenye simu, maana sina ruhusa ya kuondoka kwenye kigoda hiki na tumbo langu liko chini ya ulinzi. Shajara, utaelewa mbele.

Nyumbani wananiita Mama Kwanini. Si sifa. Mama yangu alinipa jina hilo nilipokuwa mdogo, siku nilipomuuliza padri kwa nini yeye anakunywa divai na sisi tunapewa mkate mtupu. Hadi leo sijapona. Nasuka nywele barazani, na msusi asiyeuliza maswali atasinzia juu ya kichwa cha mteja. Lakini swali la safari hii sikulianzisha mimi. Lilianzishwa na muuguzi.

Wiki iliyopita tulimtoa Koko kwenye kituo cha wagonjwa wa kipindupindu. Koko ni bibi yangu, mama yake mama. Siku aliyoanza kuharisha tulimpeleka kwa pikipiki, mimi nyuma yake nikimshika kiuno, na alikuwa mwepesi hadi nikaogopa. Macho yalikuwa yamezama. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua mashuka kutwa nzima. Wakamlaza kwenye kile kitanda chao chenye tundu katikati na ndoo chini yake, wakamtundikia serumu ya kumrudishia maji mshipani. Koko, mwanamke anayefunga kitenge juu ya kitenge ili hata mkwe asione kifundo cha mguu, amelazwa juu ya tundu mbele za watu! Nililia kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya ugonjwa.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi, mama mmoja mnene wa sauti ya chini, alitutazama wote tuliokuja kumchukua.

"Ninyi wote munakunywa maji moja?"

"Moja," nikamjibu. "Ya robine yetu."

"Na ni yeye peke yake amegonjwa? Tena?"

Lile "tena" lilinichoma. Alikuwa amemkumbuka Koko, maana haikuwa mara yake ya kwanza kulazwa pale. Akanivuta pembeni, akaniambia mwili wa mzee ni kama kitambaa cha zamani, ukikikamua kwa nguvu mara nyingi kinachanika tu. "Musimuache arudie. Safari ingine hatutamupata."

Nyuma yetu Koko alikuwa anavaa kandambili zake, akijishikilia ukutani. Hakuuliza dawa, hakuuliza chakula. Aliuliza jambo moja.

"Maji imerudi?"

Bado, Koko.

"Ikirudi muniite. Musikunywe kabla yangu."

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kwa dhati. Nyumba nzima, robine moja, bido zile zile za kutekea, na anayeugua ni yeye tu. Kwa nini?

Mtu asiye wa hapa nimweleze. Maji ya robine Uvira si ya kila siku. Yanakuja yanapotaka, na yakija parsele yote, yaani nyumba na uwanja wake, inageuka soko: bido za manjano, sufuria, mabeseni, mpaka kikombe cha mswaki kinakingwa. Lakini kwetu, hata tungekuwa na kiu ya kufa, hakuna anayekunywa kabla ya Koko. Anakuja na kopo lake, lile jeupe lenye ukingo wa bluu, kutu imeshakula mahali pa mkono. Robine inakohoa, inatema kidogo, maji yanashuka. Koko anakinga ya kwanza kabisa. Anakunywa akiwa amesimama, anamaliza yote, anajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Kisha anakaa kwenye kigoda akitutazama, mikono juu ya magoti, na sisi tunangoja. Tunangoja kweli. Mpaka aseme, "Munaweza."

Wageni wakiona hivyo wanatusifu sana. Eti hii ni familia inayojua kuheshimu wazee. Mimi mwenyewe nilidhani ni heshima, kama vile firigisi ya kuku inavyowekwa kwenye sahani ya mkubwa.

Na siku hizi mji umejaa maneno. Tangu wale wenye bunduki waingie, umeme ulikatika, mtambo wa maji ukanyamaza, robine zikakauka. Watu wakarudi ziwani na ndoo. Vichwa ninavyosuka vimeleta habari ileile kila mara: maji yakirudi msiyanywe, yamewekwa kitu. Mmoja anasema walioweka ni hawa waliokuja. Mwingine anasema hapana, ni wale waliokimbia. Nauliza, weye ulijuaje? "Kila muntu anajua." Huyo Kila Mtu ningependa kumwona siku moja. Hajawahi kuja kusukwa kwangu.

Kwa hiyo Jumatano, nilipokuwa nachambua maharage mkekani na Koko amelala karibu yangu kwenye kivuli, nikamuuliza yeye mwenyewe. Koko, sisi wote tunakunywa maji yale yale. Kwa nini unaugua peke yako?

Alijibu kama ameulizwa saa.

"Kwa sababu ile njo kazi yangu."

Kazi? Kazi gani? Nikaacha maharage.

Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia, na nimeishi naye maisha yangu yote. Nitaiandika kama nilivyoielewa.

Wakati wa uhuru, Koko alikuwa msichana wa kutumwa maji, anaitwa Feza. Kulikuwa na robine moja ya mtaa, na mtu wa kuifungua, Papa Mathias, mtu wa Luvungi aliyehamia mjini na mke na watoto. Ufunguo wa robine aliufunga kwa kamba shingoni. Uhuru ulipokuja, Wazungu wa maji walipakia vitu vyao wakapita mpaka wa Kavimvira kuelekea ng'ambo. Siku ya pili yake tu, neno likazunguka mji: wamekwenda, lakini wameacha sumu ndani ya tuyo, mabomba yanayoleta maji.

Akina mama walichota maji, kisha wakasimama na madebe yao kichwani, hakuna anayethubutu kunywa. Ndipo Mama Feza, yaani mama yake Koko, akatua debe lake. Akaomba kopo. Akanywa mbele ya wote, akakaa juu ya debe lake, akasema, "Muniangalie." Wakamwangalia mpaka kivuli kikahama. Hakuna kitu. Akaanza kucheka, na wao wakacheka, wakanywa wote. Tangu siku ile, kila robine ilipofungwa siku kadhaa ikafunguliwa, akina mama walimngoja Mama Feza aanze. Koko anasema alikuwa anatembea na kiburi barabarani kwa sababu ya mama yake.

Kisha ukaja uasi. Wapiganaji walishuka wakiimba, wamejifunga majani, wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zikiwapata zigeuke maji. Watu wa milimani wakakimbia na mifugo yao. Robine ikafungwa muda mrefu, na ilipofunguliwa tena lile neno la sumu lilirudi na nguvu kuliko mwanzo. Koko alinitazama hapo, akasema wakati ule kulikuwa na maji ya kukuzuia usife na maji ya kukuua, na yote mawili yalikuwa meupe, ungeyajua vipi?

Mama Feza akanywa. Akakaa juu ya debe. Kivuli kikahama. Akacheka kama zamani, nao wakanywa.

Usiku wa pili akaanza kuharisha.

"Hapakuwa serumu," Koko aliniambia. "Hapakuwa muganga, bote balikimbia. Palikuwa minye na majani ya mapera." Alichemsha majani ya mpera, akamnywesha mama yake kwa kijiko, na mama hakufika Jumapili.

Mtaa wote ukasema ni sumu. Na nani mwenye ufunguo wa robine? Papa Mathias. Wakamfukuza kwa mawe, yeye na mkewe na godoro lao na watoto wao, mpaka barabara ya Luvungi. Hakuna aliyemwona tena. Na Feza, yule msichana, akachukua kopo la mama yake. Maana aliamini mama amekufa badala ya watu wote, na lazima mtu abaki pale mbele. Akaolewa na kopo. Akazaa na kopo. Kopo lenyewe ndilo hili.

"Muzee afe, batoto babakie," akasema. Akageukia upande wa pili akasinzia.

Mimi sikuendelea na maharage. Nilikuwa na hasira, sijui kwa nani. Tumekaa miaka yote tukingoja aseme "Munaweza" huku tukichezesha miguu, tunanung'unika eti Koko anatuchelewesha, kumbe alikuwa anakaa pale kuona kama atakufa!

Lakini, Mama Kwanini ni Mama Kwanini. Kuna kitu hakikukaa sawa. Kama ni sumu, na wote walikunywa robine ile ile siku ile ile, mbona alikufa yeye? Koko alipoamka nikamtupia swali hilo kabla hajapiga hata miayo.

"Weye unakaukaka kichwa! Alikunywa ya kwanza."

Ya kwanza. Nikalibeba neno hilo mpaka Ijumaa, nasuka nalo, napika nalo.

Ijumaa lilinijia nikiwa nafungua pakiti ya nywele za bandia. Ile karatasi laini ya plastiki ilinibandika kidoleni, nikakumbuka mchezo wetu wa utotoni. Maji yakikatika tu, robine inavuta pumzi. Tulikuwa tunabandika kipande cha plastiki kwenye mdomo wake, kinashika chenyewe bila gundi, nasi tunacheka. Anayebandika kiganja anasema robine inamnyonya. Mchezo mzuri sana. Hatukuwahi kujiuliza inanyonya kwa nini, hata mimi, aibu yangu.

Sasa kama inanyonya hapa mdomoni, haiwezi kuwa inanyonya na mahali pengine?

Nikamwacha mteja na kichwa nusu, akapiga kelele, nikamwambia dakika moja. Nikaifuata tuyo yetu kutoka robine kurudi nyuma. Inapita chini ya jiko, inazunguka choo, kisha inaingia kwenye mtaro na kutokea upande wa barabara. Ndani ya mtaro, chini kabisa, kuna kiungo. Kimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, safu juu ya safu. Kazi ya marehemu mjomba. Hapa kwetu mpira wa baiskeli unafunga kila kitu, ndoo, mzigo, mguu wa kiti, na huwa tunajisifu kwamba hakuna kinachotushinda mradi mpira upo. Juu ya kiungo kile maji ya mtaro yalikuwa yamesimama, meusi. Mtaro wenyewe unapita nyuma ya vyoo vya parsele zote za juu yetu. Sisemi zaidi, kuna watu wanasoma huku wanakula.

Nilitaka kuona kwa macho. Nikafunga vane ya barabarani, ile koki kubwa, ili upepo usikimbilie mtaani, nikaazima pampu kwa fundi baiskeli, nikaifunga kwenye mdomo wa robine kwa nini? Kwa mpira, bila shaka. Nikamweka mama yangu kwenye pampu.

"Nipampe robine? Weye mutoto, uko muzima kweli?"

Pampa tu, Mama.

Nikakimbia nyuma ya choo, nikachuchumaa juu ya mtaro na kitambaa puani. Mteja wangu naye alikuja, nusu kichwa misuko na nusu kama amepigwa na radi. Mama akapampa. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha pale juu ya kiungo, katikati ya ule weusi, povu likapanda. Blu. Blu blu blu. Nikapiga yowe, na mteja akapiga yowe ingawa hakujua ni kwa nini.

Upepo ukiweza kutoka pale, uchafu unaweza kuingia pale. Maji yakikatika tuyo inanyonya mtaro, na ule uchafu unalala ndani ukingoja. Maji yakirudi yanausukuma mbele, mpaka mdomoni mwa robine, mpaka ndani ya kopo jeupe lenye ukingo wa bluu. Yanayofuata yanaosha njia, na hayo ndiyo tunayokunywa sisi.

Koko amekuwa anakunywa mtaro kwa niaba yetu.

Sikuwa na akili ya kungoja wakati mzuri wa kumwambia. Nilimwambia palepale, na mikono michafu. Nilidhani atafurahi, au atanicheka. Akaomba fimbo yake, akatembea mwenyewe mpaka nyuma ya choo, akisimama kila hatua chache kupumua, akaangalia ndani ya mtaro. Mama akapampa tena ili aone. Povu likapanda. Koko aliliangalia kwa muda mrefu, hata Mama kule akaanza kulalamika mkono.

"Kulikuwa kidimbwi," akasema.

Wapi, Koko?

Pale kwenye robine ya mtaa, akasema, wakati wa uasi. Lori la wapiganaji lilipanda juu ya tuyo likaivunja, tope likafanya kidimbwi. Watu waliokimbia kutoka Rurambo, milimani, waliteremka na ng'ombe wao, wakawanywesha pale. Watoto waliogelea pale. "Minye pia niliogelea." Halafu kuna mtu alifunga ile tuyo kwa matambara, robine ikafunguliwa, maji yakatoka, na Mama Feza akaomba kopo.

Mteja wangu mwenye nusu kichwa alijifunika mdomo.

"Basi Papa Mathias hakuweka kitu," Koko akasema.

Hakuweka, Koko.

"Alikuwa anakuja kutusalimia na viazi ya kwabo." Akagusa shavu lake, hapa, chini ya jicho. "Minye pia nilitupa jiwe. Lilimupata hapa. Nilitupa na mukono huu."

Nilitaka kumwambia ulikuwa mtoto, ulikuwa umefiwa na mama, mji wote ulitupa. Yote ni kweli. Lakini nadhani hakuyataka maneno hayo. Nilimshika mkono ule ule tukarudi barazani. Jana jioni aliniuliza kama wanawake wanaokuja kusukwa kutoka Luvungi wanaweza kujua mahali wajukuu wa mtu fulani wanakaa. Nikasema nitauliza. Kuuliza ndiyo kitu ninachokiweza.

Na leo, tukiwa tumetoka kanisani, viatu bado vina tope, robine ikakohoa.

Kelele! Bido zikaanza kugongana. Nami nikakimbia kufika mbele, lakini Koko alikuwa ameshafika. Sijui aliinuka saa ngapi, mgonjwa yule. Kopo lilikuwa mkononi. Sidhani aliamua, mkono ndio uliomleta. Robine ikatema, maji yakashuka, akakinga.

Yalikuwa na rangi kidogo. Kidogo tu, kama maji uliyosuuzia glasi ya chai.

"Koko, acha yaende."

"Na kama iko na sumu?"

"Yataenda nayo."

Akalishika kopo karibu na kifua. Nikafikiria kulinyakua. Sikuthubutu. Mtu huwezi kumnyang'anya Koko kopo lile, ni kama kumvua nguo. Mama yangu akaanza kusali kwa sauti ndogo. Watoto wote walisimama na vikombe vyao, wakingoja kama kawaida.

Koko akalimwaga chini.

Akakinga tena, akamwaga. Akakinga, akamwaga. "Iende," akasema. "Iende yote." Tukayaacha yatiririke mpaka jirani akapiga kelele juu ya ukuta kwamba tumepata wazimu, watu wanateka ziwani na sisi tunanywesha ardhi. Nikamjibu aje na sikio lake nimweleze. Kisha tukajaza bido, nikabandika sufuria kubwa kwenye makaa, nikachemsha, nikayapoza ndani ya beseni. Koko huwa anayadharau maji ya kuchemsha. Anasema ni maji ya mgonjwa na ya mtoto mchanga, hayana chumvi.

Yalipopoa, nikachota kwa kopo lake. Ndipo akanikamata kiganja.

"Nani anatangulia?"

Mimi, Koko.

"Weye uko na batoto."

"Na Mama Feza hakuwa na mtoto?"

Nilisema bila kufikiri, ndiyo tabia yangu, na nikajuta kabla neno halijafika. Uso wake ulibadilika. Lakini vidole vikalegea kimoja kimoja, akaniachia.

Nikanywa. Nikamaliza yote, nimesimama, kama yeye. Nikajifuta kwa ncha ya kitenge.

Akaninyooshea kigoda chake. "Kaa pale nikuone."

Basi ndipo nilipo tangu mchana. Maji yamechemshwa, Shajara, hata chura asingepona ndani yake, tumbo langu halina la kusema. Ningeweza kucheka nikaondoka. Lakini Koko amekaa mbele yangu mkekani na haniondolei macho, na nimeelewa kwamba hanitazami mimi. Kila mara anauliza:

"Tumbo?"

"Iko muzuri, Koko."

Kisha tena, "Tumbo?"

Nimejifunza kwamba mchana wa namna hii ni mrefu sana ukiwa wewe ndiye unayetazamwa. Wa yule anayetazama sijui ni mrefu kiasi gani. Nimewaza msichana aliyesimama karibu na debe la mama yake, akihesabu kwamba mama amecheka, basi hatari imepita. Kesho asubuhi nitatafuta kiungo cha kweli cha tuyo, cha kukazwa kwa ufunguo, na mpira wa mjomba tutaufungia mizigo. Nitamwambia na yule jirani, maana mtaro si wetu peke yetu. Na wateja wangu wakileta tena habari za kitu kilichowekwa ndani ya maji, nitawapeleka nyuma ya choo na pampu.

Nimeacha kuandika kidogo, nimerudi. Kivuli cha paa kimefika kwenye ngazi. Watoto wameshakunywa, Mama amekunywa, hata mimi nimeongeza. Koko aliponiona nasimama kujinyoosha hakunirudisha. Alinyoosha mkono, akaomba kopo.

Leo amekunywa wa mwisho.

Alikunywa ameketi, polepole, akipumzika katikati kama mtu anayekunywa chai. Akaliangalia kopo ndani, akaniangalia mimi.

"Kumbe iko tamu," akasema.

Nimemwona akinywa maji maisha yangu yote, na sijawahi kumsikia akisema yana ladha gani.